Kazi Yenye Mwisho: Mwongozo Kamili wa Kuwagawia Watoto Kazi za Nyumbani Katika Nyumba ya Kupanga

Katika nyumba nyingi za kupanga za Manzese, Tandale, Vingunguti au Mbagala jijini Dar es Salaam, familia ya watu watano au sita huishi katika chumba kimoja, au chumba na sebule kwa mwenye nafuu, huku ua, choo na bomba vikitumiwa na wapangaji wote. Baba huondoka asubuhi kutafuta kibarua, mama hutangulia alfajiri kwenda kukaanga vitumbua au kuinjika supu kibandani, na kazi za nyumba hubaki mikononi mwa watoto. Mwongozo huu haukusudii kumwambia mzazi huyo kwamba mtoto asifanye kazi. Shauri la namna hiyo hutolewa na watu wenye mashine ya kufulia. Unakusudia kumwonyesha jinsi ya kuipima kazi, kuigawa, kuifundisha na kuikomesha kwa siku hiyo, kwa sababu miaka niliyofundisha shule ya msingi, nikilea watoto wangu wanne katika nyumba ya wapangaji saba, ilinionyesha kwamba kinachomwumiza mtoto mara nyingi si kazi yenyewe, bali ni kazi isiyo na mwisho, na hasa pale inapomwelemea mtoto mmoja tu, ambaye kwa kawaida ni binti mkubwa.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mtoto awaheshimu na kuwasaidia wazazi wake kulingana na umri na uwezo wake. Sheria hiyo hiyo, inapozungumzia ajira, inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kufanya kazi nyepesi, inakataza kazi inayodhuru afya au masomo, na inapiga marufuku kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Vifungu hivyo vya ajira havikuandikwa kwa ajili ya kuosha vyombo, lakini mzazi mwenye busara anaweza kuvitumia kama kipimo nyumbani kwake. Kipimo kingine ni cha UNICEF, ambayo humhesabu mtoto wa miaka 5 hadi 14 kuwa katika utumikishwaji ikiwa kazi za nyumbani zinamchukua saa 21 au zaidi kwa wiki.

Hatua ya kwanza: hesabu dakika kabla ya kugawa chochote

Chukua daftari la kurasa 40, na kwa siku tano za shule andika kila kazi inayofanywa nyumbani, nani ameifanya na imemchukua dakika ngapi. Usikadirie kwa kichwa. Wazazi wengi huamini kwamba mtoto "anasaidia kidogo tu" kwa sababu wao hawapo nyumbani wakati kazi inafanyika, na pia kwa sababu foleni ya maji na safari za dukani hazionekani machoni pao kuwa ni kazi.

Tuchukue mfano wa familia ambayo wengi wataitambua: binti wa miaka 12, mvulana wa miaka 10 na mdogo wao wa miaka minne. Binti anaamka saa 11 alfajiri. Kuchota maji pamoja na foleni, dakika 40. Kufagia chumba na sehemu yao ya ua, dakika 20. Kuchemsha chai na kumvika mdogo wake, dakika 30. Akirudi shule anaosha vyombo vya mchana, dakika 45, anakwenda gengeni mara mbili, dakika 20, anapika chakula cha jioni, saa moja na robo, anamwogesha mdogo wake, dakika 25, kisha anaosha vyombo vya jioni, dakika 30. Jumla ni dakika 285, yaani saa 4 na dakika 45 kwa siku. Kwa siku tano za shule tu ni saa 23 na dakika 45, kabla hatujafika Jumamosi, ambayo ni siku ya kufua. Binti huyu amekwisha kuvuka kipimo cha saa 21, na mama yake, ambaye anampenda kwa moyo wote, hajui. Nimewahi kuwa na wanafunzi wa namna hii darasani. Ndio waliokuwa wakilala juu ya dawati kipindi cha tatu, nasi walimu tukiwaita wavivu.

Hatua ya pili: ondoa kazi zisizo za mtoto

Kabla ya kugawa, futa katika orodha zile kazi ambazo hakuna mtoto wa shule ya msingi anayepaswa kuzifanya. Kuepua sufuria kubwa inayochemka ni mojawapo. Nyingine ni kumwagia mafuta ya taa kwenye mkaa, kubadilisha mtungi wa gesi, kupanda juu ya bati kuziba panapovuja, kutapisha choo, na kuuza maandazi, karanga au barafu barabarani wakati wa masomo au usiku. Kufunga barafu kwenye mifuko akiwa nyumbani na mama yake ni kusaidia. Kuzungushwa na beseni kituo cha daladala saa 3 usiku ni biashara ya mtu mzima aliyokabidhiwa mtoto.

Futa pia kutumwa kwenye chumba cha mpangaji mwingine, hata kama ni jirani mwema, iwe ni kumpelekea maji, kumfulia au kumfagilia. Jirani akihitaji msaada, mtoto aufanye uani, mlango wa nyumba ukiwa wazi na watu wakiona. Katika nyumba ya wapangaji wengi huwezi kuwajua wote, na adabu haimlazimu mtoto kuingia kila anapoitwa.

Hatua ya tatu: gawa kwa nguvu na umri, si kwa jinsia

Mtoto wa miaka sita hadi minane anaweza kutandika kitanda, kukunja chandarua, kufagia ndani, kuchambua maharage, kuanua nguo na kuosha soksi na chupi zake mwenyewe, na yote hayo yasizidi nusu saa kwa siku. Wa miaka tisa hadi 11 anaweza kuosha vyombo, kupiga deki, kukuna nazi, kuchambua mchicha na kwenda duka lililo upande huu wa barabara, kwa muda wa saa moja na kidogo. Wa miaka 12 hadi 14 anaweza kupika chakula kamili na kufua nguo zake zote, lakini siku za shule zisipite saa moja na dakika 45. Hizi ni hesabu zangu mwenyewe, zilizotokana na kuona. Punguza ukiona mtoto ni dhaifu au anatembea mbali kwenda shule.

Sasa turudi kwa familia yetu. Baba, anayeondoka saa 1 asubuhi, anaweza kuchota ndoo mbili usiku wakati foleni imepungua, na asubuhi akachemsha chai na kumvika mdogo. Mama anaweza kupitia gengeni akirudi, kwa kuwa njia ni ile ile, na kumwogesha mtoto wa miaka minne, ambaye kwa kweli amemkosa mama tangu alfajiri. Mvulana wa miaka 10 anachukua kufagia na vyombo vya mchana, dakika 65. Binti anabaki na kupika na vyombo vya jioni, dakika 105. Kwa wiki nzima ni saa 12 na dakika 15. Hakuna aliyeajiriwa, hakuna kilichonunuliwa, na saa 3 za kila siku zimerudi kwa mtoto.

Pingamizi utakalolisikia, na huenda likatoka kwa bibi, ni kwamba mtoto wa kiume hakai jikoni. Mjibu kwa heshima, lakini mwonyeshe ukweli wa mtaani. Anayemenya debe la viazi na kukaanga chipsi kibandani ni kijana wa kiume. Wachoma mishkaki na wauza supu ya pweza ni wanaume. Na pilau la harusi, lile la masufuria makubwa, Pwani hii hupikwa na wanaume walioajiriwa kwa kazi hiyo. Inakuwaje ujuzi unaomlisha mwanamume mtaani uwe aibu nyumbani kwao? Mwaka 2016 UNICEF ilieleza kwamba duniani wasichana wa miaka 5 hadi 14 hutumia muda wa asilimia 40 zaidi ya wavulana katika kazi za nyumbani zisizo na malipo, zikiwamo kuchota maji na kutafuta kuni. Asilimia hiyo haiteremki kwa hotuba. Inateremka mvulana anaposhika dodoki.

Hatua ya nne: fundisha kazi kabla ya kuidai

Hapa ndipo wazazi wengi tunapokosea. Tunamwambia mtoto "kaoshe vyombo", tunarudi tunakuta sufuria ina ukoko na vikombe vinanuka samaki, na tunagomba. Kazi hufundishwa kwa awamu tatu: siku mbili za kwanza unafanya wewe naye anatazama, siku tatu zinazofuata mnafanya pamoja, kisha anafanya peke yake nawe unakagua mwishoni tu, bila kusimama kichwani kwake.

Nitaeleza kuosha vyombo kwa kirefu, kwa kuwa ndiyo kazi ya kwanza kamili ambayo watoto wengi hukabidhiwa. Mweke kwenye kigoda, si kwa kuinama. Awe na mabeseni matatu: la kwanza la maji ya sabuni, la pili la kusuuzia, la tatu la kusuuzia tena kwa maji safi kabisa. Aanze kwa kukwangua makombo kwenye ndoo ya taka, kwa sababu punje za ugali zikiingia katika beseni la kwanza, maji yote yamekwisha kazi. Aoshe vikombe kwanza, vikifuatiwa na vijiko, sahani za wali, sahani za mboga na samaki, na sufuria mwisho. Sufuria yenye ukoko alikwisha kuiloweka tangu alipomaliza kula. Masizi ya nje yasuguliwe kwa jivu la mkaa lililochekechwa na kitambaa kikuukuu, na jivu hilo halinunuliwi. Vyombo viinamishwe juu ya kichanja, au juu ya tenga safi ikiwa ua hauna kichanja, vikauke kwa jua. Kitambaa cha kufutia kinachokaa na unyevu huchafua kuliko kinavyosafisha. Maji ya beseni la tatu yasimwagwe, yatafaa kuosha ubaraza. Mwanangu wa pili, alipokuwa na miaka minane, alisahau vikombe na kuanza na sufuria ya dagaa kwa wiki nzima, hadi alipokunywa chai yenye harufu hiyo mwenyewe. Hakurudia.

Visu vyenye ncha kali uvitenge uvioshe wewe hadi mtoto afikie miaka kumi.

Hatua ya tano: maji

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, hivyo ndoo ya lita 20 ina kilo 20 bila kuhesabu ndoo yenyewe, wakati mtoto wa miaka minane kwa wastani ana kilo 25 hivi. Kumtwisha ndoo hiyo ni kumbebesha mtoto mwenzake. Mpe dumu la mafuta ya kula la lita 3 akiwa na miaka saba au minane. Akifika miaka kumi, madumu mawili ya lita 3, moja kila mkono, ili mgongo usipinde upande mmoja. Akiwa na miaka 13, ndoo ya lita 10 yenye mfuniko. Anayejitwisha kichwani awe na ngata, na atwishwe na mtu, asijiinulie mwenyewe kutoka chini.

Mgawo wa maji huvuruga ratiba zote. Mwishoni mwa mwaka 2022, kina cha maji cha Mto Ruvu kiliposhuka na jiji zima likaingia katika mgawo, niliona watoto wamekaa foleni saa 4 usiku wakiwa na sare za shule. Katika siku kama hizo foleni ni ya watu wazima, kwa zamu za wapangaji: mmoja anakinga kwa ajili ya familia mbili leo, mwingine kesho. Mapipa yote yawe na mifuniko, na ndoo isiachwe chini wazi, kwa kuwa mtoto anayetambaa anaweza kufa maji katika ndoo moja.

Hatua ya sita: moto

Binti yangu wa kwanza ana kovu kwenye mkono wa kushoto. Alikuwa na miaka minane, nami nilimwambia aepue uji kwa sababu nilikuwa nikisahihisha madaftari. Kanga aliyoishikia sufuria iligusa mkaa, akashtuka, uji ukamwagika. Jirani alikimbilia dawa ya meno, nami nikakubali, na kule zahanati muuguzi alilazimika kuisafisha juu ya kidonda kibichi huku mtoto akipiga kelele ambazo sijazisahau. Kosa lilikuwa langu.

Kwa hiyo: mtoto chini ya miaka kumi asikaribie jiko linalowaka isipokuwa kwa kutazama. Kuanzia miaka kumi hadi 11 anaweza kukoroga akiwa na mtu mzima kando. Kuanzia miaka 12 anaweza kuinjika na kuepua sufuria ndogo, yaani ile ya watu wanne, isiyojaa hadi ukingoni, kwa vitambaa viwili vikavu vilivyokunjwa, si kwa ncha ya kanga aliyoivaa. Jiko la mkaa likae juu ya sakafu tambarare, nje au barazani, mbali na mlango ambao watoto wanakimbilia. Lisiingizwe chumbani mvua inaponyesha, hata kama makaa yanaonekana yamefifia, kwa maana hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua waliolala. Ikiwa mnatumia mtungi mdogo wa gesi, mtoto afundishwe jambo moja kwanza: akisikia harufu, asiwashe kiberiti wala swichi, afungue mlango na atoke kumwita mtu mzima.

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, pasipo kupakwa dawa ya meno, mafuta wala yai, kisha apelekwe zahanati. Mafuta ya taa yasiwekwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Na mtoto akiyanywa, asitapishwe, apelekwe hospitali mara moja pamoja na hiyo chupa.

Hatua ya saba: kumlea mdogo

Kumwangalia mdogo ndiyo kazi isiyoandikwa katika orodha yoyote, kwa kuwa hufanyika sambamba na nyingine. Binti anapika huku mtoto yuko mgongoni kwa mbeleko, na mvuke wa sufuria uko usoni mwa mtoto huyo. Sharti liwe moja: anayelea asipike, na anayepika asilee. Mtoto wa chini ya miaka kumi asiachiwe mtoto mchanga peke yake. Mkubwa zaidi ya hapo anaweza kukaa naye kwa saa moja au mbili, ikiwa mtu mzima mmoja wa nyumba hiyo, ambaye amekubali kwa maneno na si kwa kudhaniwa, yuko karibu. Katika nyumba za kupanga mtu huyo hupatikana: bibi wa chumba cha mwisho, au dada anayeshona barazani. Mlipeni kwa kitu, hata kama ni kumchotea maji.

Hatua ya nane: ratiba, saa ya kukoma na makosa

Shule nyingi za jijini zenye wanafunzi wengi huingia kwa zamu mbili, na ndiyo maana ratiba ya jirani haikufai. Anayeingia asubuhi afanye kazi mchana baada ya kula na kupumzika nusu saa. Anayeingia mchana afanye asubuhi, lakini masomo yatangulie, kwa sababu akili ya saa 1 asubuhi ni bora kuliko ya saa 4. Andika ratiba kwa kalamu nene nyuma ya kalenda na kuibandika mlangoni. Jambo lililo muhimu kuliko yote katika karatasi hiyo ni saa ya kukoma. Kwangu ilikuwa saa 1 usiku: baada ya hapo hakuna aliyeruhusiwa kumtuma mtoto, hata kumletea baba maji ya kunywa, na mimi mwenyewe niliivunja mara nyingi kabla sijazoea. Vyombo vilivyobaki vililowekwa hadi asubuhi, na mwenye zamu ya asubuhi nilikuwa mimi.

Mtoto akivunja sahani, aokote vipande pamoja nawe na yaishe. Usimpe kazi ya ziada kama adhabu, kwani utamfundisha kuichukia kazi yenyewe, wala usimnyime chakula. Kumlipa fedha kwa kazi za kawaida sikushauri, maana siku ambayo huna fedha atakudai. Lakini akifanya kazi iliyo nje ya ratiba, kama kukusaidia kusafisha kibanda Jumapili, mpe chochote na umshukuru mbele ya wenzake. Miezi miwili kabla ya Septemba, mwezi wa mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, mtahiniwa apunguziwe hadi nusu saa, na wadogo waambiwe wazi kwamba zamu yao ya kupunguziwa itafika.

Hatua ya tisa: mtoto wa ndugu

Familia nyingi za mjini hukaa na mtoto aliyeletwa kutoka kijijini "aje asome". Mwandike katika daftari lile lile, kwa jina, na uhesabu dakika zake kwa wiki moja ukizilinganisha na za mwanao wa umri wake. Zikitofautiana kwa zaidi ya dakika 15 kwa siku, hamishia kazi moja kwa mwanao siku hiyo hiyo. Ikiwa bado hajaandikishwa shule, hilo ndilo la kwanza, nalo lipangwe kabla ya kufagia: elimu ya msingi katika shule za serikali haina ada, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa anaweza kukuandikia barua ya utambulisho. Na ikiwa unayemhesabia dakika si wa kwako bali ni wa chumba cha jirani, unamwona akifua hadi usiku na haendi shule, zungumza kwanza na mlezi wake. Asiposikia, piga namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo haitozi malipo.